Panya wangu kichwa kimepinda, daktari mmoja kasema kiharusi mwingine kasema sikio, nishike lipi?

binti_wa_tabata — Jumanne, saa 4 usiku

Wadau habari za usiku. Najua kuna watu wataanza kucheka ila naombeni mnisaidie kwanza, kucheka baadaye. Nafuga panya. Sio wale wa darini jamani, ni hawa weupe wenye mabaka, majike wawili, Kashata na Visheti, niliwachukua kwa kaka mmoja anayefuga sungura na njiwa huku huku Tabata wakiwa wadogo wanaenea kwenye kiganja. Sasa hivi wana kama mwaka na miezi tisa.

Shida imeanza Jumatano ya wiki iliyopita. Asubuhi naenda kuwapa maji namkuta Kashata kichwa kimelala upande wa kushoto, kama mtu aliyebana simu begani huku anakata vitunguu. Nikajua kalala vibaya. Jioni narudi kazini naona sasa anazunguka, anataka kuja mlangoni ila miguu inampeleka kushoto tu, kushoto tu, nikimbeba ananing'ang'ania kidole kama vile anaona nyumba inageuka. Alhamisi nikamkuta na damu puani na kwenye jicho moja, hapo nililia kusema kweli.

Nikampeleka kliniki moja, daktari kavaa glavu mbili mbili, kamwangalia kama dakika tatu, akasema hicho ni kiharusi, akamchoma deksametasoni, elfu thelathini, nenda nyumbani. Ijumaa na Jumamosi akachangamka kidogo nikafurahi, Jumapili akashuka tena. Jana nikaenda kliniki nyingine, huyu ni dada, mpole, kamshika vizuri kamchungulia masikio kwa taa. Akasema inaweza kuwa ugonjwa wa sikio la ndani, ila kwa umri wake na kwa vile ni jike inaweza kuwa uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na akaniambia ukweli kwamba kazi yake ni mbwa na paka, panya huyu ni wa pili kumtibu maisha yake yote, na kifaa cha kupiga picha ya ndani ya kichwa cha mnyama mdogo hivyo yeye hana. Kaniandikia antibayotiki ya enrofloksasini siku 7.

Sasa kule duka la dawa za mifugo kijana kanipa chupa ya kuku, imeandikwa asilimia 10, anasema mpe tone moja asubuhi tone moja jioni, halafu akataka kuniuzia na ya minyoo juu yake. Nimempa tone mara mbili, kila nikimpa anafuta mdomo kwa nguvu na anatoa mate. Uzito mwezi uliopita alikuwa gramu 318 (nina mizani ya keki), leo 290. Hii damu je? Na kama ni uvimbe namtesa bure na madawa? Kuna mtu amewahi kupitia hili?

mzee_wa_mkeka — Jumanne, saa 4 usiku

Dada mimi hapa Manzese nimetoka kununua gundi ya panya mia tano mia tano, wewe unalipa elfu thelathini panya achomwe sindano. Hii Dar tunaishi miji tofauti.

chausiku_k — Jumanne, saa 4 usiku

Pole kwa mgonjwa. Kashata na Visheti lakini 😂😂 nimesikia njaa usiku huu

mifugo_chanika — Jumanne, saa 5 usiku

Binti simamisha hilo tone kwanza, halafu soma hii pole pole.

Mimi nimesomea mifugo ngazi ya diploma, kazi yangu ni kuku wa watu Chanika na Pugu, ila panya hawa nimewafuga miaka minne nikiwa chuoni na baada ya chuo kwa hiyo nawajua kidogo. Dawa uliyoandikiwa ni sahihi kabisa, tatizo ni chupa. Asilimia 10 maana yake kila mili moja ina miligramu 100, imetengenezwa ikachanganywe kwenye ndoo ya maji ya kuku, haikutengenezwa iingie mdomoni mwa kiumbe wa gramu 290. Kipimo cha panya kinachotumika sana ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, asubuhi na jioni. Kilo moja 10, gramu 290 ni 2.9. Tone moja la ile dawa ni kama miligramu 5, umempa karibu mara mbili. Haitamuua kwa mara mbili hizo usiogope, lakini ile dawa ikiwa haijazimuliwa ni kali inachoma, ndio maana anafuta mdomo anatoa mate, wala sio deko.

Fanya hivi. Nunua sirinji ya mili 10 na sirinji moja ya insulini ile ya mili 1 yenye alama mpaka 100. Vuta mili 1 ya dawa, weka kwenye kichupa kisafi, ongeza mili 9 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Hapo sasa kila mili ina miligramu 10. Kwenye sirinji ya insulini toa sindano utupe, vuta mpaka katikati ya 28 na 30, ndio dozi yake hiyo. Mpe kwa pembeni ya shavu, kidogo kidogo, usimlaze chali asije akapaliwa. Kila siku changanya mpya. Na kabla hujaanza mpigie yule dada daktari umsomee hesabu hii, aikubali mwenyewe, mimi simwoni mnyama wako niko kwenye simu tu.

Siku 7 ni chache. Sikio la ndani la panya linaenda wiki tatu, nne, hata sita. Muulize pia kuhusu kuongeza doksisaiklini, nayo ni antibayotiki, hizi mbili huwa zinapewa pamoja kwa panya mara nyingi. Na usimchanganyie kwenye maziwa wala mtindi, kalsiamu inazishika dawa zote mbili hazifanyi kazi vizuri.

Hiyo ya minyoo acha dukani kwake.

mifugo_chanika — Jumanne, saa 5 usiku

Nimesahau damu. Hiyo karibu na hakika sio damu. Panya ana tezi nyuma ya jicho inatoa machozi mekundu, akiwa mzima anajisafisha hayaonekani, akiumwa au akiwa na msongo yanazidi na yeye hana nguvu ya kunawa, yanaganda jichoni na puani. Kuhakikisha chukua pamba ifutie, nenda kwa wakala wa miamala yeyote mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, mwambie akumulikie. Ikiwaka wekundu wa pinki ni machozi. Damu haiwaki hivyo.

binti_wa_tabata — Jumanne, saa 6 usiku

Jamani ahsante sana, nimesoma mara tatu. Sirinji kesho asubuhi. Ila swali, ile sindano ya deksametasoni ilimpa nafuu siku mbili, je hiyo haimaanishi ni ubongo kama alivyosema yule wa kwanza? Na mama ananiambia nimpe ile dawa ya maji ya watoto ya maumivu, anaona anateseka.

mifugo_chanika — Jumatano, saa 12 asubuhi

Hapana, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Deksametasoni ni steroidi, inapunguza kuvimba popote kulipo. Sikio likiwa limevimba ndani atachangamka, uvimbe wa ubongo ukiwa unabana atachangamka, hata kiharusi anaweza kuonekana afadhali. Kwa hiyo nafuu ile haikuambii chochote zaidi ya kwamba kuna kitu kimevimba. Tena kama ni bakteria, ukimpa hiyo peke yake bila antibayotiki unashusha kinga yake ugonjwa unapata nafasi. Mwambie daktari wa pili kuwa alichomwa, tarehe na saa, maana nina wasiwasi hukumwambia.

Dawa ya watoto ya maumivu mwambie mama asubiri. Zile za jamii ya ibuprofeni au diklofenaki ukizipandisha juu ya deksametasoni zinatoboa tumbo, na panya hawezi kutapika, kikiingia kimeingia. Daktari akitaka kumpa ya maumivu ataichagua yeye.

Mimi ningeangalia mikono. Mpe kitu kidogo kigumu, punje ya karanga, umtazame anavyokishika. Mwenye uvimbe kwenye ile tezi ya chini ya ubongo mara nyingi mikono ya mbele inakuwa migumu, hawezi kushika chakula kula, anaanza kukila kikiwa chini, anasukuma kichwa kwenye kona, anapooza polepole kwa siku na wiki. Mwenye sikio kichwa kinapinda, anazunguka upande ule ule, anapinduka, lakini mikono inashika na hamu ya kula ipo, anashindwa kula kwa sababu anaanguka.

sokoine_mstaafu — Jumatano, saa 2 asubuhi

Mpelekeni Morogoro jamani si kuna wale panya wa mabomu, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kapande treni ya umeme asubuhi jioni umerudi.

kijogoo_wa_moro — Jumatano, saa 2 asubuhi

Mstaafu wale wa APOPO, shirika linalowafunza kunusa mabomu, ni panya buku, ni spishi nyingine kabisa, wakubwa kama paka mdogo na wanaishi hata miaka minane. Yule Magawa aliyenusa mabomu Kambodia akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza 2020 alikufa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Hawa weupe wa dada ni miwili mpaka mitatu basi, kwa hiyo Kashata wa mwaka na miezi tisa ni bibi kabisa. Ila wazo lako sio baya, pale chuoni kuna hospitali ya wanyama ya kufundishia na walimu waliozoea panya. Sema safari yenyewe kwa mgonjwa wa kizunguzungu... mimi ningemtuliza kwanza nyumbani, ningepiga simu, nisingembeba.

mama_wawili_kigamboni — Jumatano, saa 4 asubuhi

Samahani dada sitaki kukuudhi ila una watoto nyumbani? Homa ya mgunda ile ya Ruangwa kule Lindi 2022 watu walikufa, si walisema inatokana na wanyama kama panya? Mimi nisingelala.

mifugo_chanika — Jumatano, saa 5 asubuhi

Mama swali zuri wala huudhi. Homa ya mgunda ni leptospirosisi, inakaa kwenye mkojo wa wanyama wengi, panya wa porini na wa mitaroni, ng'ombe, mbwa, na inaingia kwa maji au udongo uliochafuliwa, kwenye kidonda, macho, mdomo. Panya aliyezaliwa ndani na hakutani na wa nje hatari yake ni ndogo ila sio sifuri. Binti: osha mikono kwa sabuni kila ukimaliza, ukiwa na mchubuko vaa glavu unapobadilisha matandiko, chakula chao kifunike panya wa darini wasije kukikojolea, na usimbusu mdomoni, najua unambusu. Ukipata homa kali usikae nayo, nenda hospitali na mwambie daktari kwamba unafuga panya, watu huwa wanaficha.

binti_wa_tabata — Jumatano, saa 2 usiku

Nambusu kichwani tu 😭

Taarifa. Daktari kapokea simu, hesabu ya 2.9 kaikubali, siku 7 kazifanya 28, na doksisaiklini kaongeza kwa kipimo chake mwenyewe. Kuhusu deksametasoni kweli sikuwa nimemwambia, kanigombeza kwa upole. Leo dozi ya jioni amemeza bila kufuta mdomo.

Wakala wa hapa chini nikampelekea pamba, akaniuliza hii ni noti ya shilingi ngapi 😂 nikamweleza, akamulika, ikawaka pinki kama taa ya saluni. Wateja wote wakaja kuangalia. Kwa hiyo sio damu, nimepumua.

Karanga sasa. Kaishika. Mikono yote miwili, kabisa, kaigeuza kaanza kuitafuna, halafu akaangukia ubavu wa kushoto, karanga ikaviringika, Visheti akaja akaichukua akaenda nayo kwenye kona. Mara tatu nimejaribu, mara tatu imeibiwa. Sasa nimtoe Visheti amwache mgonjwa apumzike au vipi?

Lulu_Mbezi — Jumatano, saa 3 usiku

Usimtoe. Mimi nilimtenga wangu akaacha kula kabisa, hawa wanategemeana, usiku analala wapi kama sio kwenye mgongo wa mwenzie. Kama ni wa kuambukiza basi Visheti alishaupata zamani, hawa vijidudu vya mapafu na masikio karibu panya wote wa kufugwa wanavyo tangu kwa mama zao. Mlishe Kashata pembeni halafu mrudishe.

Na niseme kitu ambacho sio cha kufurahisha. Huo mtihani wa karanga ni mzuri ila usiuamini asilimia mia. Wangu mwaka juzi alikuwa anashika chakula vizuri tu, kichwa kimepinda, sote tukasema sikio, wiki ya tatu ya dawa mikono ikaanza kukunja ngumi, hazifunguki. Daktari akasema ni ile tezi ya chini ya ubongo. Akampa steroidi za kila siku akaishi wiki tano zaidi, wiki nzuri, nikamlisha parachichi kwa kijiko mpaka mwisho. Sijutii zile antibayotiki. Ila kama kuna mtu angeniambia mapema kwamba inaweza ikabadilika ningekuwa nimejiandaa, sio kushtuka vile.

mifugo_chanika — Alhamisi, saa 1 asubuhi

Lulu yuko sahihi na mimi niliandika kwa uhakika kuliko inavyopaswa. Hapa Binti unatibu sikio kwa sababu ndilo linalotibika, sio kwa sababu tumethibitisha. Andika kwenye daftari kila asubuhi saa ile ile kabla hajala: uzito, anashika au hashiki, anazunguka mara ngapi kabla ya kunyooka. Daktari ukimpelekea hilo daftari ni kama umempelekea picha.

Lulu_Mbezi — Alhamisi, saa 1 asubuhi

Na kizimba! Ondoa ghorofa na ngazi zote ataanguka. Chupa ya maji hataifikia, weka kifuniko cha ndoo ndogo chenye maji kidogo. Unatandika nini?

binti_wa_tabata — Alhamisi, saa 3 asubuhi

Maranda ya mbao, nachukua kwa fundi seremala hapa jirani bure.

Lulu_Mbezi — Alhamisi, saa 3 asubuhi

Ndio hayo. Toa leo leo. Vumbi linawaharibu mapafu na mbao nyingine kama msonobari zina harufu kali inayowadhuru, halafu mkojo ukikaa humo siku nne ile hewa yake inawachoma pua. Kata fulana za zamani, weka na magazeti chini, badilisha kila siku akiwa mgonjwa. Chakula, uji mzito wa ulezi, yai la kuchemsha kidogo, parachichi nyama yake tu, ganda na kokwa tupa. Mashallah wangu alikuwa akisikia kijiko tu kimegonga bakuli anakuja anayumba kama mlevi wa Sinza.

mzee_wa_mkeka — Alhamisi, saa 12 jioni

Nimerudi. Sijui kwa nini lakini leo kwenye daladala nilikuwa nawaza karanga ilivyoibiwa. Anaendeleaje?

binti_wa_tabata — Alhamisi, saa 3 usiku

Mzee wewe 😂 Gramu 287 leo. Imeshuka. Ila yai kala.

binti_wa_tabata — siku 12 baadaye

Wadau samahani kwa ukimya, kazi na umeme wa hapa kwetu mnaujua. Naandika kutoka kwenye daftari.

Siku ya tatu 284, hapo nilikata tamaa, nikapiga simu kwa daktari nikamuuliza ni lini mtu anajua kwamba imetosha. Akasema siku akiacha kuja kwenye kijiko nimwite. Siku ya nne akaja kwenye kijiko. Siku ya tano uzito uleule. Siku ya saba 289 na kuzunguka kumepungua, zamani mizunguko sita saba kabla ya kunyooka, sasa miwili. Machozi mekundu yameisha jichoni yamebaki kidogo puani asubuhi. Leo ni 301.

Kichwa bado kimepinda. Daktari kasema kinaweza kisirudi tena hata akipona, na bado hajafuta uvimbe kwenye orodha yake, dawa ni mpaka siku ya 28 kisha tutaona. Mikono naiangalia kila siku kama mwizi. Inashika.

Yule wa kwanza nilipita kliniki kwake kuchukua karatasi ya sindano, akauliza bado yuko hai?

Lulu_Mbezi — saa 2 usiku

301!!! Nimepiga kelele mume wangu kashtuka. Usikatishe dawa kwa sababu ya furaha, maliza siku zote.

mzee_wa_mkeka — saa 2 usiku

Na Visheti bado mwizi?

binti_wa_tabata — saa 3 usiku

Anajaribu. Ila Kashata kajifunza, siku hizi akipewa karanga anaegemea ukuta wa kizimba kwanza ubavu wote ndio anakaa kula, haanguki. Visheti akimkaribia anageuka anampa mgongo.

mifugo_chanika — saa 3 usiku

Anageukia upande gani?

binti_wa_tabata — saa 3 usiku

Kushoto tu 😂